Dawa ya Tumbo

9 Machi

Baba Mkaguzi,

Nakuandikia nikiwa hospitali. Mtoto yuko hai. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine bila kurukaruka.

Juzi nilikwenda naye kazini, kwa kuwa shule zimefungwa na yuko kwangu likizo. Alikuwa ameketi juu ya gunia la unga akiwakagua wakandaji, kama kawaida yake. Alikuwa amekwisha kumwambia msimamizi wa kiwanda kwamba kofia yake haifuniki masikio, na msimamizi akaivuta chini bila ubishi. Kisha akasema, "Mama, kichefuchefu." Alitapika mara moja. Ilikuwa damu, na nyingi, ikaingia kwenye beseni la kukandia. Nakumbuka nilifikiria unga kwanza. Sijui kwa nini nakuambia hilo.

Wamemwongezea damu. Wamemtundikia dripu ya kupunguza msukumo wa damu tumboni, na dawa ya kuzuia maambukizi. Jana walimtia usingizi, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, wakaibana mishipa iliyovuja kwa vipete vidogo vya mpira. Daktari wake ni mama mfupi ambaye hawezi kueleza jambo bila kuchora. Alinichorea. Unakumbuka Mkaguzi alipokuwa mchanga kitovu kilivimba kikatoa usaha? Anadhani wakati ule ndipo mshipa unaopeleka damu kwenye ini ulipoziba. Damu ikikosa barabara hupita vichochoroni, na vichochoro vyenyewe ni mishipa ya umio, njia ya chakula. Hujaa, huvimba, siku moja hupasuka. Miaka yote hii tumekuwa tukimwona anakimbia.

Atarudi baada ya mwezi wafunge mishipa iliyobaki, na tena, mpaka iishe. Kila asubuhi na kila jioni anywe kidonge cha propranolol. Kinapunguza kasi ya moyo na msukumo ndani ya mishipa hiyo. Kisikatizwe ghafla, hilo daktari alilirudia huku akinitazama. Asipewe aspirini wala dawa za maumivu za jamii yake. Asicheze michezo ya kugongana tumbo, maana bandama limevimba. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, akimbizwe hospitali bila kungoja.

Shule zitafunguliwa karibuni. Mwenye nyumba wangu hataki watoto, unamjua. Itabidi arudi kwa baba yako kama siku zote. Baba nimwambie nini?

Mkeo

*

14 Machi

Mama Mkaguzi,

Barua yako imekuja na lori la maji. Nilikuwa chini nilipoisoma, usiwe na wasiwasi. Nimeisoma tena na tena, nikaenda kula. Wali ulikuwa na mawe, nikala na mawe.

Siwezi kuondoka sasa. Nguzo ishirini za umeme hazijafungwa vikombe vya kubebea waya, na anayejua kuvifunga ni mimi na mzee mmoja ambaye magoti yake yamegoma kupanda. Wameahidi kuleta mtu wa kushika nafasi yangu. Wameahidi.

Kuhusu Baba: usimwambie. Ulikuwepo siku tuliyomzika Mama. Uliona Baba alivyoanguka akiwa bado anatoa maelekezo. Daktari wake wa moyo alisema asishtuliwe. Nikimfikiria amekaa peke yake mezani, miwani puani, anasoma neno "damu" na jina la mjukuu wake katika mstari mmoja, naona heri nisifikirie. Mwandikie kwamba ni tumbo. Tumbo kila mtu analo. Vidonge ni vya tumbo, na kuja hospitali ni kupimwa tumbo.

Mkaguzi naye mfundishe kusema tumbo. Najua ni kama kuiambia redio inong'one, lakini mfundishe.

Mumeo

*

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mjukuu wako anakuja na dereva wa kiwanda, ambaye anapita huko kupeleka mikate. Ni mtu mwaminifu, ila anaimba.

Mtoto alisumbuliwa kidogo na tumbo likizo hii, tukampeleka hospitali, sasa hajambo. Amepewa vidonge vya tumbo. Nimevifunga kwenye karatasi pamoja na nguo zake. Anywe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Asicheze michezo ya vurugu kwa sasa. Tarehe nane Aprili nitakuja kumchukua, wanataka kumwangalia tena.

Hakuna la kukutia hofu. Naomba usisahau dawa zako mwenyewe.

Mkweo

*

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto alifika salama, akiimba nyimbo ambazo sikumfundisha.

Anakula, analala, anakwenda shule. Jumamosi aliikagua kabati yangu ya vitabu akatangaza kwamba vumbi la rafu ya juu halikubaliki, akanipa kitambaa. Nilipomuuliza tumbo linamuuma wapi, alijibu, "Tumbo, Babu," kama mtu anayesoma ubaoni, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Nina jambo la kukueleza, nalo nakueleza kwa utulivu kwa sababu limekwisha kushughulikiwa.

Unajua kwamba kila asubuhi napima mapigo ya moyo wangu kwa saa ya mkononi. Jumapili mtoto alitaka naye apimwe. Nikampima. Mapigo yake yalikuwa ya polepole kuliko yanavyostahili kwa mtoto wa miaka saba. Nilirudia, yakawa vilevile. Ndipo nilipokifungua kifurushi chako na kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa vidonge. Mwanangu, hiyo si dawa ya tumbo. Ni dawa ya moyo. Naijua kwa sababu niliinywa mimi mwenyewe kabla sijabadilishiwa. Mfamasia amekosea. Amempa mtoto mwenye tumbo dawa ya mzee mwenye moyo.

Nimeisimamisha tangu Jumapili jioni. Vidonge nimevihifadhi ili mkamwonyeshe mfamasia huyo kosa lake. Atakapokuja daktari katika zahanati yetu, nitamuuliza dawa sahihi ya tumbo ni ipi. Mtoto mwenyewe, tangu aache vidonge hivyo, ana nguvu zaidi. Leo alishindana na mbuzi wa jirani kukimbia.

Sikumwandikia mumeo. Mtu aliye juu ya nguzo aandikiwe yale tu yanayomwachia mikono yote miwili.

Baba

*

5 Aprili

Baba Mkaguzi,

Barua ya Baba ilinifika juzi asubuhi, nikiwa kazini. Naiambatanisha hapa, uisome kwanza, kisha usome yangu.

Niliposoma mahali alipoandika "nimeisimamisha", nilivua aproni nikaikunja. Niliikunja vizuri. Kisha nikaenda ofisini kuomba simu nimpigie jirani yake, yule wa mbuzi. Jirani akapokea akasema, "Aa, dada, umechelewa kidogo. Wameondoka sasa hivi na gari la mchinjaji, wanakuja hospitali ya huko kwenu. Mtoto anatapika."

Nikaenda kuwangoja kwenye lango la hospitali. Kuna mlinzi pale, akaniambia nisisimame njiani, nikasogea. Gari lilipofika Baba alishuka akiwa amembeba. Hakuwa na kofia. Sijawahi kumwona nje bila kofia. Shati lake lote mbele lilikuwa damu, na midomo ya mtoto ilikuwa imepauka.

Walimkimbiza ndani. Daktari aliuliza huku akifanya kazi, "Dawa anakunywa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Baba akasema, "Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya wiki iliyopita."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu niliona ni dawa ya moyo, na nilikuwa nimeambiwa mtoto anaumwa tumbo."

Daktari alinitazama. Akarudi kwenye kazi yake.

Baadaye nilimuuliza kama ni kwa sababu ya dawa. Alisema mishipa ile hupasuka hata kwa mtoto anayekunywa dawa vizuri, ndiyo maana bado walitaka kuifunga. Alisema pia kwamba kuikatiza ghafla ni hatari. Alisema, "Sitakuambia ndiyo, na sitakuambia hapana." Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru nini.

Wamemwongezea damu mara mbili ya ile ya kwanza. Wamefunga mishipa minne. Bado yuko kwenye mashine ya kupumulia na hajafumbua macho. Sijalia. Nilifikiri nitalia. Jana nilinunua mkate hapa langoni nikaumaliza wote, na haukuwa mkate mzuri. Chachu ilikuwa nyingi.

Mkeo

*

7 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe kumi na nne Machi nimeonyeshwa na mkeo. Makosa ya uandishi yaliyomo nimeyaacha kama yalivyo.

Nakueleza yaliyotokea, maana mkeo hakuwa garini.

Asubuhi ile mtoto alitoka msalani akaniambia, "Babu, choo changu ni cheusi." Nikamwambia ni maharage. Akasema, "Hapana, cheusi kile cha daktari." Sikumwelewa. Nilimwambia anywe maji, avae viatu, anachelewa shule. Alikuwa amevaa kiatu kimoja alipotapika.

Garini nilimlaza mapajani. Mchinjaji aliendesha vizuri. Mtoto akaniambia, "Babu, si tumbo. Ni mishipa ya hapa," akagusa kifua. "Mama alisema nikikuambia utakufa." Nikamwambia sijafa. Akaniangalia usoni kwa makini, unavyomjua, akaridhika. Baada ya muda akauliza tena, "Hujafa?" Nikamjibu, "Sijafa." Aliendelea kuuliza nami niliendelea kumjibu, mpaka akaacha kuuliza.

Hivyo ndivyo nilivyojua ugonjwa wa mjukuu wangu. Nimeambiwa na mtoto wa miaka saba jambo ambalo watu wazima wawili waliona siwezi kulisikia. Nilijipima mapigo palepale kwenye benchi la hospitali. Yalikuwa ya kawaida. Hilo nalo sikulielewa.

Sikuandikii ili kukulaumu. Mlinificha kwa sababu mlinijali. Mimi nilisimamisha dawa kwa sababu nilimjali mtoto. Hakuna aliyefanya uzembe katika nyumba yetu. Laiti kungekuwa na mzembe, tungemfokea, tungepumua. Lakini ningepewa kanuni ningeifuata. Maisha yangu yote ya kazi nimefuata kanuni ambazo sikuelezwa sababu zake. Mlinipa uongo, nao uongo haukulingana na kidonge.

Akitoka hapa, asirudi kwangu. Sisemi kwa hasira. Mtu aliyekatiza dawa asikabidhiwe dawa.

Leo amefumbua jicho moja, kisha akalifumba.

Baba

*

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Lori lilikwama bondeni, kwa hiyo barua zenu mbili zimenifika pamoja. Msimamizi alinipandishia kwa kamba, ndani ya ndoo ya nati, akidhani ananifurahisha. Nimezisoma nikiwa juu.

Sijui wakati unaposoma haya mtoto yupo au hayupo. Naandika kama yupo.

Ni mimi niliyesema tumbo. Mke wangu aliuliza, mimi nikajibu. Unaweza kuona tarehe.

Baada ya kusoma niliziweka barua mfukoni nikamalizia kikombe nilichokuwa nafunga. Nilikaza nati zote. Mikono haikutetemeka, Baba. Wewe ulidhani itatetemeka, mimi nilidhani moyo wako utasimama, na kumbe vyote viwili vinaendelea tu. Nilishuka. Wenzangu wakauliza, "Nyumbani vipi?" Nikasema, "Salama." Nilikuwa nimekwisha kulitamka ndipo nikalisikia.

Mtu wa kunipokea amefika. Ni kijana mwenye kizunguzungu, lakini amefika. Nitakuja na lori linalorudi, na huenda nikaitangulia barua hii.

Usiseme asirudi kwako. Naomba.

Mwanao

*

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwenzangu wa kulaumiwa, yaani mwanao, amerudi kazini jana. Alikaa na mtoto siku zote alizoruhusiwa. Mkaguzi alimuuliza kama amewahi kumwangushia mtu nati kichwani. Akasema hajawahi. Akaulizwa, "Au hukuangalia chini?" Tukacheka, sote watatu, kicheko cha kawaida kabisa, na kilipoisha kila mmoja akatazama upande wake kama watu wasiojuana.

Anapumua mwenyewe tangu wiki ya pili. Juzi wamepitisha kamera tena: mishipa iliyofungwa imesinyaa, imebaki miwili midogo, wakaifunga. Watamwangalia tena baada ya wiki nne, halafu kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu huweza kuota mingine. Wameandikia pia hospitali nyingine, iliyo mbali zaidi, kuuliza kama anaweza kupachikiwa mshipa wa kuirudishia damu njia yake ya kwenda kwenye ini. Hawajajibiwa.

Baba, anarudi kwako. Sina pa kumweka hapa, hilo unalijua, lakini silo ninalolitanguliza. Ulikosea kwa sababu hukuambiwa. Sasa nakuambia.

Kidonge ni asubuhi na jioni. Akiwa na mafua yenye kukohoa kwa kubanwa, au akitapika na kuharisha hata asile, mpeleke zahanati waamue kuhusu dawa. Usiamue wewe, nami sitaamua. Mpime mapigo, daktari amefurahi kusikia kwamba unajua. Yakishuka chini ya namba aliyoiandika kwenye pakiti, au akilegea na kuona kizunguzungu, hali kadhalika. Homa apewe parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini yako ya moyo iweke mahali asipofika. Choo chake kiangaliwe kila siku. Kikiwa cheusi, usingoje hata avae viatu. Hospitali ya mji wenu wamekwisha kuandikiwa. Watamwongezea maji na damu na kumwanzishia dripu kabla ya kumsafirisha huku. Mchinjaji nimempigia simu, amesema gari lake ni lenu wakati wowote, hata kama lina nyama.

Anaweza kutoka damu tena hata tukifuata yote haya. Daktari hakunificha, nami sikufichi. Anaweza pia asitoke tena kamwe.

Kama barua hii imekuumiza moyo, niandikie kwamba imekuumiza. Usiniandikie kwamba hujambo.

Mkweo

*

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeniumiza. Nimeandika kama ulivyoagiza. Usiku wa siku ile sikulala, na asubuhi nilipima mapigo yakawa yanakimbia, nikaenda zahanati, nikaambiwa nipumzike. Nimepumzika.

Mtoto alifika Ijumaa. Nilikuwa nimeazimia kukataa kumpokea. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno yangu tayari. Alishuka kwenye gari la mikate, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Umekonda. Dawa unakunywa?" Nikamwambia nakunywa. Akasema, "Haya, mimi nimeleta zangu." Akapita ndani.

Tunakunywa pamoja, asubuhi na jioni, mezani. Yeye ananiangalia nikimeza, mimi namwangalia akimeza. Baada ya hapo sisi sote hufungua midomo kuonyeshana. Haikuwa rai yangu.

Sina furaha ya kukuripoti, wala huzuni iliyo wazi. Naamka, nampima, namwita, anakuja. Akichelewa msalani nasimama katikati ya chumba bila kufanya lolote. Akikohoa naacha ninachokisoma. Jirani ananiambia nimekuwa kimya. Nilikuwa kimya hata kabla, ila zamani nilikuwa nimenyamaza, na sasa nangoja.

Kuhusu choo: mwanzoni nilimtaka aniambie mwenyewe rangi yake, kwa kuwa ni msichana na mimi ni babu. Akasema hapana, mara iliyopita aliniambia nikasema maharage. Kwa hiyo naangalia mwenyewe. Kila asubuhi nainama, nikiwa nimevaa miwani, naye husimama mlangoni akiwa ameshika kalenda na kalamu ya risasi.

Leo ilikuwa hivi.

"Umeona nini?"

"Cha kawaida."

"Sema rangi, Babu."

"Kahawia."

"Una hakika?"

Nikainama tena, nikaangalia.

"Nina hakika."

"Haya," akasema, akaandika, akaenda kutafuta viatu vyake.

Baba